Mstari wa 0.99 unaficha nini?

Programu za uchambuzi wa uhandisi huchora utegemekaji wa mfumo (uwezekano wa kutofeli) pamoja na wa vipuri vyake kwenye grafu moja. Inapendeza kweli. Chukua jenereta mbili za dharura, kila moja ikiwa na 0.9 kwenye saa ya 1,000. Kama moja inatosha, mstari wa mfumo unasoma 0.99. Raha, sivyo?

Ila hiyo imetokana na 0.1 mara 0.1. Yaani umeshakubali kwamba moja ikifa, mwenzake hahusiki, na grafu imekaa kimya. Muulize Fukushima Daiichi, 11 Machi 2011: tsunami moja ilivinyima vinu namba 1 hadi 5 umeme wa jenereta zao zote. Iliyoendelea kutoa umeme ni moja tu, ya kinu namba 6, inayopozwa kwa hewa.

Sasa rudi kwenye jenereta zako. Sehemu ya kumi tu ya hitilafu zikiwa na chanzo kimoja, hatari ya kukaa gizani inapanda kutoka 1% hadi karibu 1.8%. Chanzo hicho unaweza kukiongeza kwenye modeli, lakini sharti ukikumbuke mwenyewe. Mimi ningetaka mstari huo wa pili uchorwe bila kuombwa.