Mgeni Aijuaye Nyumba

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaitamka moto ukiwa umeshawashwa na kuku ameshakamatwa, kwa kuwa mgeni akija hata watoto wa nyumbani hula wakashiba. Kwenye reli methali hiyo ina uzito mwingine. Mgeni wa reli ni mkaguzi wa usalama aliyetumwa na serikali. Hushuka kwenye kiberenge akiwa na daftari, tochi, nyundo ndogo na kipimo cha upana wa njia. Stesheni masta humkaribisha chai, wote humwamkia kwa heshima, na wote huomba kimoyomoyo aondoke mapema. Nataka kumsifu mtu huyo, maana ufundi wake ni adimu: kuijua nyumba ya watu kama wenyewe wanavyoijua, na bado asiizoee.

Kila ajali inapotokea tunakimbilia kulaumu uzembe. Wafanyakazi wa reli niliowafahamu hawakuwa wazembe. Kinachowaponza ni mazoea. Boliti hulegea kidogo mwezi wa sita, treni ikapita salama. Mwezi wa saba ikalegea zaidi, treni ikapita. Kufikia vuli, kule kupita kwa treni kumeshageuka ushahidi kwamba boliti haina neno. Fundi anayesema njia ni nzima hadanganyi. Anasema alichokiona asubuhi zote za miaka yake kazini. Hapo ndipo anapohitajika mtu mwingine, asiye na asubuhi hizo.

Niliwahi kuandamana na mkaguzi mmoja kwenye kipande cha reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Mnyapara wa genge la njia alitembea nasi. Pale ncha za reli mbili zinapokutana na kufungwa kwa boliti, mkaguzi alichuchumaa. Mimi niliona chuma chenye kutu, kama kote tulikotoka. Yeye alikuwa anatazama mstari mwembamba unaong'aa ubavuni mwa reli, ukingoni mwa bamba linaloziunganisha.

"Hapa pana nini, ndugu yangu?" aliuliza.

"Pako hivyo tangu masika ya mwaka juzi, mzee. Na treni zinapita."

"Zinapita, naam. Ndiyo maana nakuuliza."

Tulipotangulia kidogo alinieleza. Kutu iliyotulia ni habari njema, kwa sababu chuma kilichoota kutu sawasawa hakijasogea. Ukiona mng'aro mahali pasipoguswa na gurudumu, ujue vyuma viwili vinasuguana, kuna kitu kinacheza. Kisha akanionyesha kokoto zilizopakwa tope kavu kando ya taruma. Taruma hilo lilikuwa limepoteza mkao wake: kila gurudumu likipita linadidimia na kuinuka, na maji yaliyotuama chini yake yanarushwa nje pamoja na udongo. Aliweka kipimo, akasoma, akaandika. Upana ulikuwa ndani ya kiwango. Hakuridhika. Kipimo, alisema, kinaeleza njia ilivyo ikiwa tupu. Tope linaeleza inavyokuwa treni ikiwa juu yake.

Sikio nalo lina kazi. Tangu enzi za treni za mvuke, wakaguzi wa mabehewa wamekuwa wakigonga magurudumu kwa nyundo, kama mama anayenunua chungu sokoni na kukigonga kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Lakini zipo nyufa zisizosikika, na ndiyo sababu siku hizi hutumika mitambo inayopeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma. Na hata ufa ukishajulikana, kazi haijaisha. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield nchini Uingereza, reli ilivunjika vipande zaidi ya 300 chini ya treni iliyokuwa ikienda kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, na watu wanne wakafa. Nyufa za reli ile zilikuwa zimeshabainika. Zilikuwa zinangojewa zirekebishwe, na kungoja nako watu hukuzoea.

Bunge la Uingereza lilitambua mapema kwamba mgeni akikaa sana hugeuka mwenyeji. Sheria ya mwaka 1840 iliyoanzisha ukaguzi wa reli ilikataza kumteua mtu aliyekuwa mkurugenzi au mwenye cheo katika kampuni ya reli ndani ya mwaka mmoja uliotangulia. Wakachukuliwa maofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, watu wanaojua madaraja na vyuma lakini hawali kwa mkono wa kampuni. Hawakupewa mamlaka makubwa. Kwa reli iliyokwisha kufunguliwa, waliweza kuingia, kutazama, kuuliza na kushauri. Ripoti zao zilichapishwa watu wakazisoma, na kwa miaka mingi kuchapishwa huko ndiko kulikokuwa karibu nguvu yao yote.

Mmoja wao alikuwa Meja Jenerali Hutchinson. Mwezi wa Februari 1878 alilikagua daraja jipya la mto Tay, Scotland. Alipitisha juu yake vichwa vya treni vizito vilivyofungwa pamoja, akapima boriti zilivyoitikia mzigo, akaridhika. Katika ripoti yake aliandika kwamba angependa siku nyingine aje kuona daraja linavyokuwa treni ikipita wakati wa upepo mkali. Siku hiyo haikupatikana. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katikati ya dhoruba, sehemu ya kati ya daraja ilianguka pamoja na treni iliyokuwa ikivuka, na hakuna hata mmoja aliyetoka hai. Uzito ulikuwa umepimwa; upepo haukupimwa.

Wapo wanaomkumbuka mtu huyo kwa daraja hilo tu. Mimi nakumbuka pia yaliyofuata. Alikuwa miongoni mwa wakaguzi waliolifuatilia daraja la Forth, huko huko Scotland, tangu likiwa linajengwa. Lilifunguliwa mwaka 1890, na treni zinalitumia hadi leo. Tena ndiye aliyechunguza ajali ya Armagh, Ireland, ya tarehe 12 Juni 1889. Treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili ili kichwa kipeleke kwanza sehemu ya mbele, na magurudumu ya sehemu ya nyuma wakayazuia kwa mawe. Breki za treni ile zilifanya kazi pale tu zilipounganishwa na kichwa. Mabehewa yakaanza kuteremka yenyewe, yakaigonga treni ya pili iliyokuwa inakuja nyuma, ambayo iliruhusiwa kuondoka kwa kuhesabu dakika tu. Walikufa watu wapatao 80, watoto wengi miongoni mwao.

Wakaguzi walikuwa wameomba kwa miaka mingi breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika, na utaratibu wa kutoruhusu treni mbili katika kipande kimoja cha njia. Kampuni zilijibu kwamba ni gharama, na kwamba treni zinafika salama. Baada ya Armagh, Bunge lilipitisha sheria mwaka huo huo. Maneno yaliyokuwa ushauri yakawa amri.

Breki hizo ndizo zinazompa mkaguzi wa leo mwendo mrefu kuliko wote, ule wa kutoka kichwa cha treni hadi behewa la mwisho. Kanuni yake ni ya werevu: bomba moja hupita chini ya treni nzima, na hewa iliyomo ndiyo inayoiachia breki. Bomba likikatika, hewa hutoka, na kila behewa hujifunga lenyewe. Lakini kati ya behewa na behewa kuna koki. Koki moja ikisahaulika imefungwa katikati ya treni, mabehewa yote ya nyuma hayapokei tena amri ya dereva, ilhali kule mbele anaona mshale wa kipimo chake umekaa vizuri. Kwa hiyo mkaguzi haulizi dereva. Huenda mwisho wa treni, akatazama vyuma vya breki vikibana gurudumu, akasubiri, akavitazama vikiachia, na akarudi akipitia koki moja moja kwa mkono.

Kwa Mtanzania, habari ya treni inayorudi nyuma mlimani si ya Ireland peke yake. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilirudi nyuma kwa kasi, breki zisiizuie, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Kati ya Armagh na Igandu kuna miaka 113, na mteremko ulifanya kazi ile ile.

Ungedhani basi mkaguzi bora ni yule anayesimamisha kila kitu. Sivyo. Reli iliyofungwa huwasukuma watu na mizigo barabarani, na barabarani nako watu hufa. Hekima ya kazi hii naiona vizuri katika kanuni za Marekani, ambazo haziulizi kama njia ni nzima au mbovu. Zinauliza ni nzima kwa kasi gani. Njia zimepangwa kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza, treni ya mizigo haizidi maili 10 kwa saa, kama kilomita 16, na ya abiria maili 15. Katika ngazi ya nne, ya mizigo hufika maili 60 na ya abiria 80. Kila ngazi ina vipimo vyake vya upana, mataruma na mkao wa reli. Mkaguzi wa serikali akikuta njia haitimizi vipimo vya ngazi yake, huweza kuishusha kwa maandishi, na kasi ikashuka nayo mpaka matengenezo yafanyike. Treni zinaendelea kupita, lakini kasoro haiwezi tena kujificha, kwa kuwa kila safari inayochelewa inaitangaza.

Huku kwetu mtihani mkubwa zaidi ni maji. Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Gulwe, hufuata bonde la mto, na mafuriko yameikata mara nyingi. Kenya, mwishoni mwa Januari 1993, mafuriko yalivunja daraja la Ngai Ndethya katika njia ya Nairobi na Mombasa, treni ya abiria ikatumbukia, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwa hiyo kalavati hukaguliwa kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu na kila mtu akiliona kubwa mno kwa kijito kile. Mkaguzi hodari hutafuta majani makavu yaliyonasa juu ya nguzo, aone maji yalifika wapi. Hupanda upande wa juu wa mto kuangalia kama kuna mashamba mapya, kwa sababu kilima kilichofyekwa hushusha maji haraka kuliko chenye miti. Na huwauliza wazee wa kijiji, ambao wanakumbuka mafuriko ambayo faili halina.

Hapa Tanzania usimamizi wa usalama wa reli uko mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Shirika la Reli ni la serikali, na mkaguzi naye ni wa serikali. Hapo pana ugumu ambao wale maofisa wa 1840 hawakuujua. Kumwandikia tajiri wa kampuni ni jambo moja. Kumwandikia ndugu mnayekula naye sahani moja kunataka moyo wa namna nyingine.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo treni hukata zaidi ya mita 40 kwa sekunde. Reli za njia hiyo mpya zimechomelewa zikawa ndefu, na mambo mengi ambayo mzee yule aliyasoma kwenye kutu na tope sasa yatasomwa na mitambo. Mazoea nayo yatavaa sura mpya: ya kuamini kwamba kitu kipya hakina kasoro. Vijana wa uhandisi watakaoingia kazi hii watahitaji hesabu nyingi kuliko waliowatangulia, na ukaidi ule ule.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Wakaguzi wa kwanza waliheshimiwa kwa sababu walichoandika kilisomwa na watu wasio wa reli, na kampuni zikajua kwamba zinasomwa. Ripoti iliyofungiwa kabatini inamwacha mkaguzi peke yake na wakubwa wanaotaka treni iondoke kwa wakati. Tukitaka wakaguzi wenye moyo wa kuandika, tuzisome ripoti zao zinapotolewa, na zisipotolewa, tuulize ziko wapi.