Tembo wa Msasani Waliuawa na Mzigo

Kosa lilikuwa la Carter. Safari yake ya tembo ya 1879 haikushindwa na jua la nchi yetu wala mbung'o. Ilishindwa pale ilipoamuliwa kwamba tembo wabebe kupita kawaida yao, kisha chakula wajitafutie porini.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Leopold II wa Ubelgiji aliwaleta tembo wanne kutoka Bombay pamoja na waongozaji wao, Frederick Carter akiwa mkuu wa msafara. Msasani walishushwa majini wakaogelea hadi ufukweni: kazi safi. Njiani mbung'o waliwauma, wao wakasonga mbele. Hapo Carter simdai kitu.

Ninalomdai ni mlo. Tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 kwa siku, na porini hutumia saa hata 16 kutafuta na kutafuna. Ukimtembeza na mzigo tangu alfajiri, saa hizo atazipata wapi? Ndiyo maana tembo wa kazi kule India hukatiwa majani, akaongezewa nafaka, akalishwa na mtu wake. Na mtu huyo si mpagazi wa kuokotwa njiani. Wengi huanza wakiwa wavulana, nyuma ya baba zao. Humwogesha mnyama, hulala karibu naye, na humjua akianza kukonda kabla bwana mkubwa hajaona mbavu. Kumnyang'anya mtu huyo kazi ya kulisha ni kumkata mkono. Carter alitaka kuonyesha kwamba tembo ataishi kwa majani ya njiani tu. Wa kwanza alifia Mpwapwa. Karema, mwisho wa safari kwenye Ziwa Tanganyika, alifika mmoja tu, Desemba.

Bado wapo wanaosingizia hali ya hewa. Waje Maganzo waone kosa lilelile: punda wanavyopakiwa madumu ya maji mpaka magoti yanatetemeka, halafu jioni wanafunguliwa wakaokoteze makapi. Akianguka, mwenyewe anasema punda alikuwa mgonjwa. Nimegombana na watu wengi kwa jambo hili, na sijachoka.

Mkitaka kazi iliyofanywa sawasawa, kumbukeni vijana wa Kizande kule Uele, Kongo, katika kazi ya kufuga tembo aliyoianza Laplume, afisa wa Kibelgiji, mwaka 1900 hivi, ambayo baadaye ilihamia Gangala-na-Bodio. Filamu za zamani za kazi hiyo zinaonyesha: ndama wa tembo anakamatwa kwa kamba, watu wakiwa kwa miguu. Kisha kijana anakaa naye, anamwimbia, anamlisha kwa mkono mpaka azoee. Mzigo unakuja mwisho kabisa. Na hao walikuwa tembo wa Afrika, wale wanaoambiwa hawafugiki. Wakalima na kuvuta mikokoteni.

Mwenye punda wa Maganzo, leo jioni punguza dumu moja, mpe pumba kwanza.