Miraa Haikustahili Kuitwa Edulis

Kosa la jina la kisayansi la miraa, Catha edulis, liko kwenye kitenzi kimoja, na ni kosa kubwa. Edulis imetokana na edere ya Kilatini, kula chakula kikashuka tumboni. Yeyote aliyesimama kando ya barabara ya Meru–Maua hapa Nchiru, Hilux zikipita kasi na magunia ya miraa ya kangeta, anajua kwamba miraa haina njia hiyo.

Mtafunaji huambua gome kwa meno, hulitafuna pamoja na bigijii, hulikusanya donge shavuni, humeza maji yake, na makapi mengi huyatema. Kathinoni, kiini chake kinachochangamsha, hutolewa na kutafuna, na sehemu kubwa yake hupenya ngozi laini ya ndani ya shavu kabla tumbo halijapata kitu. Hata muguka wa Mbeere, miraa ambayo hubugiwa majani, kazi yake ni ya shavu. Wayemeni wana kitenzi chao, khazzana, kuweka akiba, mzizi uleule uliotupa hazina. Hao ndio waliojua kusema.

Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, alikuwa Yemen mwaka 1763. Aliuona mmea, akaandika kwamba watu wanauamini kuwa unawakesha usiku kucha, akafia Yarim mwezi Julai mwaka huohuo. Mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, aliyachapisha maandishi yake mwaka 1775. Katika jina Forsskål aliloupa mmea, Catha, kutoka qat ya Waarabu, ni chaguo zuri.

Lakini edulis! Sisi tunasema "kula miraa" bila kupotea, kwa sababu kula yetu ni pana: watu hula kiapo, hula njama, mzee hula chumvi nyingi, na hakuna anayeulizia sahani. Edulis haina upana huo. Ni kitu kinacholika, basi. Kilatini kilikuwa na mandere kwa kutafuna. Kilikuwa na vigilare kwa kukesha, jambo ambalo Forsskål mwenyewe alilisikia! Nimelalamika mara nyingi juu ya wafasiri wanaonyakua maana ya kwanza na kufunga kamusi, na sitaacha.

Mwalimu wa Forsskål alijua zaidi. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mmea wa afyuni Papaver somniferum, unaoleta usingizi: aliuliza mmea unafanya nini, akatafuta neno la kazi hiyo. Lamarck, mwaka 1786, aliiacha coca ibaki coca, kwa jina la wenyewe. Martin Vahl alipoupeleka mmea wetu kwenye jenasi ya Celastrus mwaka 1790 alikuwa na nafasi ya kurekebisha, akaishikilia edulis. Endlicher akaurudisha kwenye Catha mwaka 1841, edulis ikiwa palepale. Mwaka 1818 Sims alikuwa ameipa pesheni neno hilohilo, Passiflora edulis, na kwa pesheni linafaa kabisa: unakata, unakula, imekwisha.

Kanuni za majina ya mimea haziruhusu jina kutupwa kwa sababu tu halifai. Mkutano wa wanabotania wa Madrid mwaka 2024 uliamua kuyabadilisha majina yenye caffra kwa kuwa ni tusi; edulis si tusi, kwa hiyo itabaki. Basi wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Meru hapa Nchiru, mnapoliandika jina hili ubaoni, andikeni kando yake kitenzi sahihi: hutafunwa.