Neno "Zinaa" na Mlango wa Kupimwa: Uhakiki wa Lugha ya Afya kwa Vijana wa Butembo na Beni

Ujumbe wa afya huhakikiwa mara chache kama matini. Mabango huhesabiwa na karatasi hugawiwa, lakini ni nadra kuulizwa maneno yenyewe yamefika vipi katika sikio la aliyekusudiwa. Makala haya yanachunguza maneno matatu yaliyozoeleka katika ujumbe wa Kiswahili unaowahimiza vijana wakapimwe magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana, yaani zinaa, dalili na siri. Maneno hayo yanatazamwa kutoka Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini.

Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa zinazotambuliwa na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Hata hivyo, Butembo kinaishi bega kwa bega na Kinande cha nyumbani na Kifaransa cha shuleni. Kijana wa huko husema SIDA mahali ambapo Kiswahili cha Tanzania na Kenya husema UKIMWI, na husema kapoti badala ya kondomu. Tofauti hizo ni za msamiati tu, na mfasiri makini huzirekebisha bila taabu. Ugumu mkubwa zaidi umo katika maneno ambayo kijana huyo anayaelewa vizuri mno.

Neno la kwanza ni zinaa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni tendo la ndoa lililofanywa nje ya sheria ya dini. Wako wanaotetea kwamba katika istilahi ya tiba neno hili limekwisha kupoteza ukali wake. Hoja hiyo ingesimama kama neno lingekuwa pweke. Lakini zinaa lina ndugu zake, kuzini, uzinzi na mzinzi, na mtoto aliyekulia katika parokia ya Butembo amejifunza "usizini" kabla hajasikia habari za maabara. Kwa hiyo anayealikwa kupimwa "magonjwa ya zinaa" anaalikwa kwanza kukiri dhambi, na muuguzi anageuzwa kuwa hakimu. Aidha, neno lenyewe halisemi kweli. Kaswende humfikia mke aliyetulia katika ndoa yake, na humfikia mtoto tumboni mwa mama. Mtoto huyo amezini na nani?

Neno la pili ni dalili. "Ukiona dalili, nenda hospitali" ni sentensi fasaha, lakini kitiba ina upungufu. Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote, na kisonono kwa wanawake vilevile. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, nacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea mwilini. Msichana anayetii sentensi hiyo neno kwa neno atangoja nyumbani, naye atakuwa ameelewa sawasawa alichoambiwa.

Neno la tatu ni siri. Ujumbe huahidi kwamba majibu "ni siri". Katika Kiswahili, siri ni jambo linalolindwa, na pia ni jambo linalofichwa kwa sababu ya aibu. Kijana ambaye karani wa kituo cha afya ni jirani wa shangazi yake hahitaji neno hilo. Anahitaji kuambiwa ni nani atakayeandika jina lake, daftari litawekwa wapi, na nani hana ruhusa ya kulifungua.

Uzito wa mambo haya ulidhihirika katika mji huohuo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ulimalizika Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kwa kuwa virusi vya Ebola huweza kubaki katika shahawa kwa miezi mingi, wanaume walionusurika walishauriwa kupimwa shahawa na kutumia kondomu. Februari 2021 ugonjwa ulizuka tena karibu na Butembo. Watu 12 waliugua, 6 wakafa, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha uhusiano na mlipuko uliotangulia. Hapa istilahi ya zinaa inashindwa kabisa. Mume mwaminifu, aliyepona na asiye na dalili, anaweza kumwambukiza mkewe halali. Aliyefundishwa kwamba magonjwa ya njia hiyo ni ya wazinzi atajiona hahusiki.

Hapana budi basi istilahi ibadilishwe. "Magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana" ni refu, na pengine vijana wa Beni watalifupisha kwa namna yao. Ni haki yao, na wataalamu wa lugha wawasikilize kabla ya kuwaandikia. Badala ya "ukiona dalili", itoshe kusema: "Nenda ukapimwe, hata kama husikii maumivu popote." Kaswende huponywa kwa sindano ya penisilini, mradi mgonjwa afike kituoni. Lugha inayomrudisha akiwa bado mlangoni inamnyima dawa iliyopo.