Siku 90 za Kukamilisha Ununuzi wa Nyumba

Anayenunua nyumba kwa mkopo nchini Kenya hupumua benki inapompa barua ya ofa. Anapumua mapema mno. Mkataba wa kawaida wa mauzo humpa siku 90 za kukamilisha, nazo huanza kuhesabiwa siku ya kutia sahihi, ilhali benki ina mwendo wake: mthamini aende akaikague nyumba, wakili wa benki afanye sachi upya na kuandaa hati ya rehani, kisha karatasi zirudi makao makuu kutiwa sahihi na muhuri.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ucheleweshaji wa benki hushughulikiwa kabla ya kutia sahihi. Mwambie wakili wako aandike kwamba siku zitahesabiwa tangu muuzaji atakapotoa nakala ya hati miliki na vyeti vya reti na kodi ya ardhi, na kwamba siku zitakazopotea kwa sababu Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, haufanyi kazi hazitahesabiwa. Muuzaji mwenye nia njema hana sababu ya kukataa.

Halafu kuna pesa taslimu. Nyumba ya mjini ya Sh8 milioni inadai amana ya Sh800,000, yaani asilimia 10, na ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao ni Sh320,000. Mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani kubwa kuliko bei mliyokubaliana, ushuru hupanda. Hulipwa kabla ya usajili, na kwa kawaida hutoka mfukoni mwa mnunuzi. Faili ikikwama hapo, benki hubebeshwa lawama isiyo yake.

Kiungo kinachobeba uzito wote ni ahadi ya kitaaluma ya wakili. Muuzaji anatakiwa kutoa hati miliki ya asili kabla ya kuona hata shilingi ya salio, kwa kuwa benki haitoi pesa mpaka rehani yake isajiliwe. Anachopewa ni barua: wakili wa benki anaahidi kwamba salio litalipwa, mara nyingi ndani ya siku 14 baada ya usajili. Ahadi hiyo inamfunga wakili mwenyewe, na Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha aitimize. Barua hii ikichelewa, muuzaji hatoi hati, na kila kitu husimama. Basi usiulize tu mkopo umefika wapi. Uliza rasimu ya ahadi iko mezani kwa nani.

Hali ni ngumu zaidi nyumba ikiwa bado ina rehani ya muuzaji. Hapo benki mbili zinaandikiana, na deni la kulipwa hubadilika kila riba inapoongezeka. Taarifa ya deni iombwe karibu na siku ya malipo, la sivyo itakuwa imepitwa na wakati.

Na siku zikiisha? Chini ya Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili, muuzaji anaweza kutoa notisi ya siku 21 ya kukutaka ukamilishe, la sivyo upoteze amana. Usingoje ifike. Wiki kadhaa kabla, wakili wako amwandikie wakili wa muuzaji akitaja hati iliyobaki, ofisi iliyoishikilia na tarehe mpya mnayoomba, akiambatisha barua ya benki inayothibitisha. Muuzaji akidai riba ya siku za nyongeza, pima riba hiyo na amana yako iliyo hatarini, kisha mkubaliane kwa maandishi.