Sikio halitoshi kumlinda mwenye leseni

Mwenye leseni ya televisheni hasumbuliwi na kifaa kinachotumia masafa yake pale yeye asiporusha kitu. Kinachomsumbua ni kifaa kinachodhani yuko kimya ilhali matangazo yako hewani. Ugumu wote wa redio tambuzi, yaani kifaa kinachotafuta masafa yaliyo wazi ili kiyatumie, uko hapo.

Mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umezungukwa na vilima. Kifaa kilichofungwa bondeni kinaweza kusikiliza mkondo wa televisheni kisisikie chochote, kwa kuwa kilima kimezuia mawimbi. Jirani wa mtaa wa juu, mwenye antena juu ya bati, anapata picha safi. Kifaa kikianza kurusha, picha yake inakatika, na hakuna aliyekusudia kuvunja sheria.

Ndiyo maana kanuni za Marekani za mwaka 2008 zilidai kifaa kisikie hadi -114 dBm, mawimbi dhaifu takriban mara 1,000 kuliko yale ambayo runinga huyahitaji ili ionyeshe picha. Ulinzi huo ulikuwa ghali. Tena sikio kali namna hiyo hushtushwa hata na kelele tupu, kifaa kikanyamaza bila sababu. Mwaka 2010 ulazima huo ukaondolewa kwa kifaa kinachojua kilipo, kwa usahihi wa mita 50, na kuuliza hifadhidata mikondo ipi iko wazi mahali hapo.

Afrika ilishika njia hiyo ya pili. Mwaka 2013, shule 10 za Cape Town zilipata intaneti kupitia mikondo mitupu, na watazamaji wa televisheni hawakuharibiwa matangazo. Mwaka huohuo mradi wa intaneti wa Mawingu ulianza karibu na Nanyuki, Kenya, kwa vituo vinavyotumia umeme wa jua.

Matokeo hayo nayaheshimu. Lakini hifadhidata humlinda aliyeandikwa tu. Mnara uliohamishwa bila taarifa, au maikrofoni ya kanisa isiyo na waya inayotumia masafa hayohayo ya UHF, visipoandikwa, kwa kifaa havipo kabisa. ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ikitaka kuruhusu teknolojia hii Haut-Katanga, ianze kwa kutuma mafundi wenye vipimo wapande vilima vya Likasi na kuandika kila mnara, urefu wa antena na nguvu yake. Kisha iwalazimishe wenye vifaa kuuliza hifadhidata angalau mara moja kwa siku, kama kanuni za Marekani zilivyotaka kwa vifaa visivyohama, ili kosa likirekebishwa leo, kufikia kesho mkondo uwe umerudi kwa mwenyewe.