Wazee wa Mipaka

Pongezi zangu leo ni za Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inataka wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza majina, kisha Mkutano Mkuu huyathibitisha, na hapo ndipo uhondo ulipo. Jina husomwa mbele ya watu wanaojua nani alimhamishia nani mpaka, na nani akishika neno haliachi. Hakuna wasifu wa karatasi unaoweza kupita chujio hilo.

Mshahara hawana. Wanatembea shambani juani, wanatazama mnyaa uliopandwa na marehemu, wanasikiliza ndugu wawili wakigombea hatua tatu za udongo. Kazi yao ni kupatanisha, si kuhukumu. Asiyeridhika ana njia ya kwenda mbele. Nadhani udhaifu huo wa kisheria ndio nguvu yao: wasioweza kuamuru hulazimika kusikiliza. Na yule mama mjane ambaye shemeji zake wamelitolea macho shamba lake, angalau atakuta wanawake wenzake wameketi upande wa pili wa meza.